Mtoto anapotaka kuingia pangoni



Juma hili tunaongea juu ya mapango. Tunajua kuna atakayesema: makala imepanda bei, minervali ya mkubwa haijalipwa, na walimu wanatuletea habari za mashimo ya mlimani? Mtuvumilie kidogo. Vakansi kubwa iko mlangoni. Mwezi wa saba na wa nane watoto wetu watakuwa nje tangu asubuhi hadi mangaribi, na mtoto asiye na kazi anatafuta tundu la kuingia. Pango la mawe ya volkano, kisima kilichokauka, mgodi ulioachwa, mfereji chini ya barabara: vyote vinamwita kwa sauti moja.

Sisi tunaofundisha darasa la tano na la sita tunaijua sauti hiyo. Ukimwambia mtoto aandike juu ya soko, anakupa mistari mitano na mmoja wao ni jina lake. Ukimwambia aandike juu ya pango, kalamu haisimami. Ndani kuna nyoka mwenye vichwa saba, kuna zahabu, kuna mzee aliyekimbia vita akakaa humo na mbuzi wake. Kisha yanakuja maswali. Pango linaishia wapi? Nani alilichimba? Tochi ikizimika utajuaje njia? Mtoto anayeuliza hivyo hana kichwa kibaya. Anafanya kazi ile ile tunayomwomba darasani kila siku: kutaka kujua kitu asichokiona.

Kwa hiyo tusianze na vitisho. Tuanze na uzuri, kwa sababu mtoto anamsikiliza zaidi mtu anayekubali kwamba kitu kizuri ni kizuri.

Huko Ituri, upande wa kusini ya Bunia karibu na Komanda, kuna mlima Hoyo. Ni mlima wa mawe ya chokaa, na ndani yake kuna mapango yapata 40. Mvua inaposhuka inachukua gazi ya kaboni hewani na udongoni, inakuwa kali kidogo sana, na inayeyusha chokaa polepole kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Elfu kwa elfu za miaka, ufa unakuwa mlango, mlango unakuwa chumba. Tone la maji linaloning'inia darini linaacha chembe ya chokaa, na chembe juu ya chembe zinafanya jiwe refu linaloshuka kama chuchu ya mbuzi. Mara nyingi jiwe hilo haliongezeki hata milimita moja kwa mwaka. Mtoto anayelivunja kwa mchezo anavunja kazi iliyoanza mbele ya babu wa babu yake kuzaliwa.

Katika mlima huo huo kuna pango la Matupi. Miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Francis Van Noten alichimba ndani yake, akapata vyombo vidogo vya mawe, na alama za watu waliokaa humo zamani sana, miaka zaidi ya 40,000 iliyopita. Tunapowaambia watoto kwamba historia ya Congo haikuanza na meli ya Wazungu, pango hilo ni shahidi wetu.

Upande mwingine wa nchi, karibu na Mbanza-Ngungu katika Kongo Central, mapango yana samaki mdogo asiye na macho. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1921. Anaishi ndani ya maji ya giza, fasi ambapo macho hayana kazi, na rangi yake ni ile ya ngozi isiyojua jua. Na huku kwetu, chini ya mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira, kuna mapango ya namna nyingine. Lava inaposhuka, juu yake inapoa na kuwa ngumu kama ngozi juu ya uji, lakini chini inaendelea kutiririka. Ikimaliza kupita, inaacha mfereji mtupu, mrefu, wenye kuta nyeusi. Jografia, historia, elimu ya viumbe na hesabu, masomo manne ndani ya shimo moja. Ndiyo sababu hatutaki mtoto yeyote achukie mapango.

Sasa tuje kwenye hofu. Wazee wetu walitisha watoto kwa maneno ya mashetani, na watoto wa leo, wenye telefone na filamu, wanacheka. Lakini angalieni neno moja la hapa kwetu: mazuku. Watu wa kandokando ya ziwa, kutoka Goma kwenda Sake, walijua tangu zamani kwamba kuna mabonde madogo na mashimo ambapo upepo mbaya unaua. Leo wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika neno hilo hilo, mazuku, katika vitabu vyao, kwa sababu wazee walikuwa wameona jambo la kweli. Kazi yetu ni kumpa mtoto sababu yake, kusudi hofu yake iwe na akili.

Hofu ya kwanza ni hewa. Katika mazuku kuna gazi inayoitwa kaboni dioksidi, inayotoka ardhini. Haina rangi, na pua haikuambii kitu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini kama maji ndani ya beseni. Hewa tunayopumua ina sehemu yapata 4 tu za gazi hiyo kati ya 10,000. Ikifika sehemu 10 kati ya 100, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache, na kifo hakiko mbali. Mbwa na mbuzi wanaanguka mbele, na mtoto anaanguka mbele ya mama yake, kwa sababu pua yao iko karibu na udongo. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, hatari inaongezeka. Fasi ambapo watoto walicheza jana saa nane bila shida inaweza kuua kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Na hapa tunaomba kila mama amfundishe mtoto wake jambo moja mpaka alijue kama jina lake. Mwenzako akianguka ndani ya shimo bila kupigwa na kitu, usishuke kumwinua. Piga kelele, kimbia, ita wakubwa. Katika mashimo ya namna hii, mara nyingi anakufa wa kwanza, kisha ndugu yake aliyeruka kumsaidia, kisha jirani aliyeruka kuwasaidia wote wawili. Upendo ndio unaowaua. Ni vigumu kumwambia mtoto asimshike mkono mdogo wake, lakini mtoto anayekimbia kuita watu ndiye anayebakiza tumaini.

Hofu ya pili ni popo. Kati ya mwaka 1998 na 2000, huko Durba, upande wa Watsa, ugonjwa wa kutoka damu uliingia katika watu waliochimba zahabu. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola tunayoijua sana. Watu 154 waliugua, na 128 wakafa. Wengi walikuwa wachimbaji, na mgodi uliotajwa zaidi ni ule wa Goroumbwa, uliokuwa na popo ndani. Mgodi ulipojaa maji, ugonjwa ukaisha. Baadaye wataalamu wakahakikisha kwamba popo fulani wanaokula matunda na kulala mapangoni wanabeba virusi vya ugonjwa huo bila wao kuugua. Jirani zetu wa Uganda nao waliona: mwaka 2008 mwanamke mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa Marburg nyuma ya kuingia katika pango la popo ndani ya msitu wa Maramagambo.

Tusiwachome moto popo juu ya habari hii. Popo wanapanda misitu yetu kwa mbegu wanazoangusha. Lakini chumba wanacholala ni chao. Pango lenye harufu ya mavi ya popo, au lenye sauti yao darini, mtoto asiingie hata hatua moja, asiokote popo aliyekufa, asile tunda lililotafunwa nusu na mnyama.

Hofu ya tatu ni giza. Nyumbani umeme ukikatika, nyuma ya dakika chache macho yanazoea, kwa kuwa daima kuna mwanga kidogo wa nyota au wa jiko la jirani. Ndani kabisa ya pango hakuna mwanga wowote wa kuzoea. Utakaa saa tatu na hutaona mkono wako mwenyewe. Telefone haishiki rezo, na betri inaisha upesi. Njia uliyoijia, ukigeuka nyuma, ina sura nyingine, kama vile mtaa unaoujua mchana unavyokupotea usiku.

Hofu ya nne ni maji, na juu ya hiyo tuwape habari iliyotoka mbali, katika nchi ya Tailandi.

Tarehe 23 mwezi wa sita mwaka 2018, vijana 12 wa timu ya mpira, wenye miaka 11 hadi 16, walimaliza mazoezi wakaingia katika pango la Tham Luang pamoja na mwalimu wao msaidizi wa mpira, kijana wa miaka 25. Walitaka kutembea tu, kisha warudi. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakajaa nyuma yao, njia ikafungwa. Wakasukumwa ndani na ndani, mpaka fasi yenye mwinuko, yapata kilomita nne kutoka mlangoni. Walikaa humo bila chakula, wakinywa maji yaliyodondoka kwenye kuta, na mwalimu wao akiwafundisha kutulia kusudi wasimalize nguvu. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa saba, Waingereza wawili wanaojua kupiga mbizi mapangoni, Rick Stanton na John Volanthen, wakatokea majini mbele yao. Kijana mmoja, Adul Sam-on, ndiye aliyeongea nao kwa Kiingereza, kwa sababu alikuwa mwanafunzi mwenye bidii ya lugha. Watoto mnaouliza lugha ya kigeni inasaidia nini, mmesikia.

Kuwatoa kulichukua siku nyingine nane. Maelfu ya watu walifanya kazi, mashine zikavuta maji usiku na mchana. Saman Kunan, aliyekuwa zamani askari wa majini, alikufa tarehe 6 alipokuwa akirudi kutoka kupeleka chupa za hewa. Kati ya tarehe 8 na 10 vijana wote 12 na mwalimu wao walitoka wazima.

Sasa, mama wapenzi, tusimame juu ya jambo moja ambalo wengi wamelipita. Watu walijuaje kwamba watoto wako katika pango lile, na si mtoni, si sokoni, si mikononi mwa wabaya? Jioni ile mwalimu mkuu wa timu alipoona wazazi wanauliza, alipiga telefone huku na huku mpaka akampata kijana mmoja aliyekuwa amerudi nyumbani nyuma ya mazoezi. Kijana huyo akasema: wameenda pangoni. Mwalimu akakimbia huko, akakuta baiskeli na mifuko yao mlangoni. Mashine zote, askari wote, na Waingereza wote walikuja nyuma ya neno la mtoto mmoja aliyesema ukweli usiku ule ule.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Mtoto wako anajua mengi juu ya mashimo ya mtaa kuliko wewe. Anajua ni nani aliingia wapi, na nani alilia. Je, atakuambia?

Darasani tunawaona jumatatu. Magoti yamechubuka, uniforme ina udongo mweusi. Tukiuliza, jibu ni moja: nilianguka njiani. Watoto kumi, wote walianguka njiani. Mtoto hana ubaya, anafanya hesabu. Amejifunza kwamba ukweli unaleta fimbo na uongo unaleta chakula. Mtoto wa namna hiyo, siku mwenzake akibaki ndani ya shimo, atakaa kimya saa moja, saa mbili, kwa kuogopa swali la kwanza la mama: na wewe ulikuwa unatafuta nini kule? Saa mbili hizo ni uhai wa mtu.

Mama mmoja atatujibu: nikimsikiliza bila kumpiga, kesho atarudi shimoni. Ni neno la haki, na sisi walimu hatusemi mtoto asikanywe. Katika chuo cha ualimu, ISP, tulifundishwa kwamba mtoto anashika zaidi kanuni ambayo sababu yake ameielewa. Miaka ya darasani imetuonyesha hivyo hivyo. Kwa hiyo sikia kwanza, mpaka mwisho. Mshukuru kwa kusema. Kisha mweleze hatari, na adhabu kama ipo iwe kazi ya nyumbani au kunyimwa mchezo. Wazazi wa wale vijana wa Tailandi, watoto wakiwa bado ndani, walimwandikia barua mwalimu yule aliyewaingiza, wakamwambia wasimlaumu na yeye asijilaumu. Walikuwa na haki ya kukasirika. Walichagua kumpa nguvu mtu aliyekuwa na watoto wao gizani.

Kuna watoto wengine ambao hawaingii chini kwa kucheza. Wanaingia migodini kutafuta feza ya daftari, na mara nyingine feza ya unga wa nyumba nzima. Sheria ya nchi yetu inakataza mtoto kufanya kazi mgodini, lakini sheria haipiki bugali. Mama mwenye mzigo huo asifiche. Alete shida yake katika mkutano wetu au katika likelemba ya mtaa, mbele ya vakansi kuanza. Feza ya daftari mikono kumi inaweza kuitafuta. Mtoto aliyefunikwa na udongo, hata mikono elfu haitamrudisha.

Kwa mwisho, tunawapa kanuni ambazo watu wanaotembelea mapango kwa kazi yao wanazifuata. Zikateni, mzibandike karibu na mlango.

1. Hakuna anayeingia peke yake. Wakubwa wenyewe wanaingia wanne: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka pamoja kuita watu. Watoto hawaingii bila mtu mzima anayelijua pango lile.

2. Mbele ya kuingia, mtu aliye nje anaambiwa majina, fasi, na saa ya kurudi. Saa ikipita, anaita watu bila kungoja.

3. Kila mtu ana mianga mitatu, kusudi mmoja ukizimika mingine ibaki. Mwanga wa kwanza ukizimika, wote wanarudi.

4. Mvua ikinyesha au wingu likiwa jeusi, hata mbali juu ya mlima, hakuna kuingia.

5. Fasi yenye wanyama waliokufa, fasi inayoitwa mazuku na wenyeji, na chumba cha popo: hapo tunapita mbali. Mtoto asitumwe kujaribu hewa kwa mshumaa. Mwali unaowaka hauhakikishi kwamba hewa ni nzuri.

Leo jioni, nyuma ya chakula, muulize mwanao bila ukali: mashimo ya mtaa wetu yako wapi, na nani ameingia? Mwache aongee. Akimaliza, nendeni pamoja mchana mkayaone kwa nje, na mkiona shimo lililo wazi karibu na nyumba, mwambieni mkubwa wa mtaa kusudi lifungwe. Majibu mtakayopata, tuleteeni kwa mwandishi wa chama, tutayaandika hapa bila majina.

Wale vijana wa Tailandi, walipopata nafasi ya kuandika barua kutoka pangoni, walimwomba mwalimu wa shule asiwape kazi nyingi za nyumbani watakapotoka. Tumecheka, kisha tumejiuliza. Juma lijalo tutaongea juu ya kazi za nyumbani: ngapi zinatosha, na nani anapaswa kuzifanya, mtoto au dada yake mkubwa. Mkae salama.